Usiniume: Yaliyomkuta Sikudhani Nchi ya Kiooni

Niitikieni. Na kama mmeshika kitu mkononi, kiwekeni kando kidogo, hakitakimbia.

Ipo nchi inayoitwa Kiooni. Njia ya kwenda huko haielezeki, maana walioifuata wote wana kauli moja: waliinamisha macho mara moja tu, walipoyainua wakakuta wameshafika. Sikudhani wa Mzee Kombo, fundi cherehani, alikwenda kwa kuitwa. Rafiki yake wa tangu utoto, Siwema, aliolewa Kiooni, akaachika hukohuko, akabaki na binti mmoja na kazi ya ukarani. Ndiye aliyemwandikia: "Mama Mwanne, njoo unisaidie. Salha wangu ana miaka mitatu na sijapata kumwona amefumba macho yote mawili kwa pamoja. Jicho moja likilala, la pili liko kiooni. Wewe una mkono wa watoto. Njoo hata mwezi mmoja."

Penye mtoto, Sikudhani hakuwa mtu wa kuitwa mara mbili. Aliifunika cherehani yake kwa kanga kuukuu, akamfunga mgongoni binti yake Mwanne, mwenye miezi minane na ufizi uliovimba, akaenda.

Kioo cha nchi ile hakikuonyeshi uso wako. Kinakuonyesha wenzako wanafanya nini, nacho kinakusikiliza. Kila mtu anacho kimoja cha kiganjani, na vikubwa vimetundikwa sokoni, kisimani, mlangoni pa zahanati, juu ya kila kitanda cha mtoto. Mtu haulizwi "Hujambo?" Anaulizwa "Umeona?" Na ole wako useme hujaona.

Lakini lililomshangaza Sikudhani kuliko vioo ni desturi ya kupangusa. Kiooni, mtu akisema na wewe hutaki kusikia zaidi, hujibu wala huondoki. Unapitisha kidole gumba hewani, hivi, kama anayefuta vumbi mezani. Umempangusa. Na aliyepanguswa, kwa sheria ya nchi, hunyamaza palepale, hata kama neno liko nusu kinywani, na anayefuata huanza lake. Kila mtu hupewa kope kumi, yaani muda wa msikilizaji kupepesa mara kumi. Ukishindwa kumshika mtu kwa kope kumi, basi hukuwa na la maana.

Siku ya pili alimkuta babu mmoja ameketi kando ya barabara. Akapiga goti kama alivyolelewa. "Shikamoo, babu."

Babu akafumbua kinywa. "Mara..."

Kijana mmoja aliyekuwa akipita akampangusa. Mzee akafumba kinywa taratibu, akainamisha kichwa, kama mtu aliyezoea mvua.

"Kha! We kijana! Unampangusa mtu mzima?"

"Alikuwa anachelewa."

"Anachelewa kusema marahaba?"

"Mama," kijana akasema bila kugeuka, "ni silabi nne!"

Sikudhani alibaki ameduwaa, goti bado liko chini. Jioni alipomsimulia Siwema, mwenzake alicheka. "Utazoea. Mimi nilipokuja nililia wiki nzima. Sasa hata mimi nampangusa msimamizi wangu kazini, na yeye ananipangusa, tunakwenda hivyohivyo."

"Na kazi inafanyika?"

Siwema akafikiri kidogo. "Inaonekana," akasema.

Na hilo neno "inaonekana" ndilo nguzo ya nchi ile. Siwema alimpeleka bungeni akajionee. Waziri wa Maji alikuwa amesimama kwenye beseni, anajimwagia ndoo juu ya ndoo kichwani, na ukumbi mzima unashangilia. Kwenye ndoo ya sita Sikudhani alimnong'oneza jirani yake: mabomba ya mtaa wa akina Siwema yana wiki tatu hayajatoa hata tone, waziri atalisema lini? Jirani akamtazama kama mshamba. "Mwaka jana waziri wa zamani alisimama hapo akasoma taarifa ya mabomba," akasema. "Tulimpangusa kwenye kope ya pili. Huyu angalau analoa."

Kutoka hapo walipita kwenye matanga. Mjane alikuwa amekaa mkekani, amezungukwa na mikono iliyonyoosha vioo. Alipoanza kulia, mwanamke mmoja aliyevaa vizuri sana alimshika bega. "Samahani, mama, jua lilitupiga. Hebu rudia tena pale ulipomtaja jina." Na mjane akarudia! Akalitaja jina la mumewe mara ya pili, ya tatu, hadi likamkauka mdomoni likawa jina tu. Sikudhani aliondoka pale akijiuliza. Msiba wa mtu umekuwa mchezo wa kurudia mpaka upendeze? Na marehemu mwenyewe, nani aliyemlilia?

Basi, tuje kwenye wimbo, maana ndio uliomponza.

Kwao Sikudhani watoto hulazwa kwa wimbo mmoja tu, na wimbo wenyewe hauishi. Mwanzo wake ni uleule: "Lala we, lala mwana, leo kafanya nini mwana?" Kisha mama anajibu. Anataja alichofanya mtoto siku hiyo, kikubwa au kidogo: kaanguka, kamvuta paka, kajikunja kacheka peke yake. Kesho anataja ya kesho. Bibi yake alimwonya tangu alipobeba mimba: usimwimbie mtoto ya jana, mtoto aliyeimbiwa ya jana hudumaa. Ikiwa ni kweli au ni usemi wa wazee, Sikudhani hakujua. Alichojua ni kwamba kila mchana, ili apate la kuimba, ilimlazimu awe amemtazama mwanawe.

Siku ya nne, saa nane mchana, Siwema yuko kazini, Sikudhani aliwalaza watoto wote wawili kitanda kimoja. Salha alikuwa chali, macho kwenye kioo cha juu ya kitanda, makavu kama ya samaki wa sokoni. Mwanne alikuwa ananyonya. Sikudhani akaimba:

*Lala we, lala mwana,*
*leo kafanya nini mwana?*
*Leo kavuta sufuria,*
*uji chini, mwana kacheka...*

Hapo meno mawili ya chini, yaliyokuwa yamechomoza asubuhi ileile, yakamshika mama titi. "Uuwii! Usiniume!" akapiga ukelele, kisha akacheka mwenyewe, akampigapiga Mwanne mgongoni, akaendelea. Safari hii aliongeza mstari:

*Na Salha kafanya nini?*
*Salha kahesabu siafu mlangoni,*
*mmoja akampa njia.*

Salha akageuza shingo. Akamtazama Sikudhani kwa macho yote mawili. "Alikuwa mdogo," akasema kwa sauti ndogo. "Yule wa njia."

"Nilimwona," Sikudhani akamjibu.

Salha akafumba macho. Yote mawili. Akalala mpaka alasiri, mate yanamchuruzika shavuni, na mama yake aliporudi kutoka kazini akaanguka magotini kando ya kitanda akalia kimyakimya, asimwamshe.

Laiti mambo yangeishia hapo. Lakini kioo kilikuwa juu ya kitanda, na kioo kinasikiliza.

Iko katikati ya mji nyumba kubwa iitwayo Nyumba ya Mwangwi. Kila sauti inayosikika katika vioo hupelekwa humo, na Mwangwi huisoma, hujifunza, kisha huitoa upya, tamu kuliko mwanzo, bila mafua, bila uchovu, mara elfu kwa siku. Siwema ndiye karani wa kuandika sauti zinazoingia. Asubuhi ya siku ya tano alirudi nyumbani mbio, kiatu kimoja mkononi.

"Mama Mwanne! Umetoka!"

"Nimetoka wapi? Niko hapa nafua nepi."

"Umetoka kiooni! Nchi nzima! Sikiliza!"

Na kweli. Kioo cha ukutani, cha jirani, cha kisimani, vyote vilikuwa vikiimba kwa sauti ya Sikudhani: leo kavuta sufuria, uji chini, mwana kacheka, uuwii, usiniume! Mstari wa Salha haukuwamo. Mwangwi uliuona mrefu, ukaukata kwenye kope ya kumi.

Kufika adhuhuri, vijana walikuwa wamebuni namna ya kuucheza: unamzunguka mwenzako, na kwenye "usiniume" unamng'ata bega. Kufika jioni, zahanati ilikuwa imejaa watu wa mabega. Wasomi nao hawakubaki nyuma. Mmoja alisema sufuria ni dola na uji ni haki za raia. Mwingine akampangusa, akasema la, "usiniume" ni onyo kwa nchi jirani. Wa tatu alilia tu, akapata wafuasi kuliko wote.

Sikudhani hakujua acheke au aogope. "Siwema, huyo ni mwanangu alikuwa anaota meno!"

"Ndiyo uzuri wake!" Siwema alisema, uso unang'aa. "Na sasa hutasumbuka tena na Salha. Kioo kitamwimbia chenyewe, kwa sauti yako."

Mchana ule wakajaribu. Mwangwi ukaimba juu ya kitanda, laini kama samli. Salha alisikiliza hadi mwisho, kisha akakunja uso.

"Mimi sijavuta sufuria," akasema. Na macho yakabaki wazi.

Sikudhani hakungoja. Akaketi barazani, Mwanne mapajani na Salha ubavuni, akaanza upya, na ya siku hiyo: *leo kamshika jogoo mkia, jogoo kageuka...* Hakufika mbali. Jirani wa mkono wa kushoto alichungulia, akasikiliza, sura ikambadilika. Akapeleka habari kwamba kuna mgeni anauimba Usiniume vibaya.

Walikuja watu wawili wenye adabu, wakampa karatasi. Mshitakiwa: Sikudhani. Kosa: kujiiga bila kibali.

"Kujiiga?" aliuliza, akidhani kasoma vibaya. Alisoma kwa taabu ya masomo ya jioni, baada ya kushona mchana kutwa, na bado alikuwa na mazoea ya kupitisha kidole chini ya kila neno. Akapitisha tena. Kujiiga.

Siwema akamfafanulia, sasa bila kumtazama machoni. Sheria ya Kiooni inasema sauti iliyosikika kiooni ndiyo asili. Iliyotoka kinywani ni nakala. Ukiimba tofauti na asili, hata kama kinywa ni chako, umeghushi.

"Na nani aliandika kwenye daftari kwamba asili ni kioo?"

Siwema alishika pindo la kanga yake. "Ni mimi. Ndivyo tunavyoandika zote."

Mahakama ya Kiooni ni ukumbi wa mviringo, na raia mia tatu huketi kuuzunguka, vidole gumba tayari. Hakimu Ngwali aliingia amevaa manyoya ya tausi toka shingoni hadi visiginoni, akawapita Sikudhani na Mwanne karibu hata kuwagusa. Siwema alimnong'oneza mwenzake sababu. Mwaka juzi hakimu alivaa joho la kawaida, akamhukumu mwizi wa mbuzi, akasema, "Utafungwa miaka..." wakampangusa. Sheria ni sheria, hakuweza kumalizia. Mpaka leo yule mwizi yuko ndani, na askari jela hawajui wamtoe lini.

"Na hakuna anayemwuliza hakimu?"

"Kesi imepita, mwenzangu. Nani atazame kesi ya mwaka juzi?"

Hasira ilimpanda Sikudhani toka nyayoni. Mtu mzima anaoza jela kwa kungoja mwisho wa sentensi! Lakini aliinyamazia, maana zamu ilikuwa yake.

Kwanza ulipigwa Mwangwi. Ukumbi ukatulia, wengine wakafuta machozi, na kwenye "usiniume" watu mia tatu wakaitikia kwa pamoja hadi Mwanne akashtuka mgongoni. Kisha hakimu akamwelekea Sikudhani. "Imba."

Akaimba mwanzo. Alipofika penye sufuria akasita, maana leo hapakuwa na sufuria, akapita. Hakimu akainua mkono.

"Usiniume iko wapi?"

"Mheshimiwa, hajaniuma leo."

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Kwa hiyo unakiri umeipunguza."

"Sikuipunguza, haikuwemo! Siku ile aliniuma ndipo nikasema. Leo kaamka vizuri, nimkaripie kwa lipi?"

"Mahakama haishughuliki na meno. Mahakama inauliza: asili ina usiniume, yako haina. Ipi ni nakala?"

"Mheshimiwa, basi uulizeni na huo Mwangwi wenu," Sikudhani akasema, na sauti yake sasa ilikuwa imekaza. "Uulizeni: leo kafanya nini mwana?"

Ulikuwa ni ujasiri wa aina yake, na raia wa Kiooni hupenda shindano. Wakapiga makofi. Mwangwi ukaulizwa. Ukajibu bila kusita, sauti ileile, tamu ileile: "Leo kavuta sufuria..."

"Sufuria ipi?" Sikudhani akapaza sauti. "Toka alfajiri yuko hapa mahakamani! Hapa kuna sufuria?" Akamshusha Mwanne mgongoni, akamwinua watu wote wamwone, akaimba ya siku ile:

*Leo kafanya nini mwana?*
*Leo kamnyonyoa hakimu unyoya,*
*kautia kinywani, kapiga chafya...*

Na kweli unyoya wa tausi ulikuwa mkononi mwa Mwanne, umelowa mate. Hakimu akajipapasa.

Ungefikiri hapo ukumbi ungeelewa. Hata Sikudhani alifikiri hivyo. Alikuwa mtu wa matumaini, nayo matumaini ndiyo yaliyomsomesha. Lakini wimbo ule hawakuwahi kuusikia, haukuwa na mahali pa kung'atana, na kope ya kumi ilikuwa inakaribia. Kidole kimoja kikapita hewani. Viwili. Kisha mia tatu, kama upepo kwenye mpunga. Hukumu ikatoka: kinywa cha Sikudhani ni nakala, tena mbovu.

Hapo akasimama Mpima-Macho Mkuu, Bwana Shaweji, mtu mpole mwenye mikono laini, ambaye kazi yake ni kujua taifa linatazama wapi. "Bibi," akasema, "sisi hatuna ugomvi na wewe. Tunakupenda. Tutakupa nyumba yenye kisima chake. Kila siku saa kumi alasiri utakaa mbele ya Kioo Kikuu na mtoto, utaimba kama asili ilivyo, mtoto atauma, utapiga ukelele. Basi. Kazi ndiyo hiyo."

"Na siku asipouma?"

"Atafundishwa."

"Na akikua? Meno yakiota yote?"

Bwana Shaweji akatabasamu, kama fundi aliyeulizwa swali analolipenda. "Hilo tumeshaliangalia. Wananchi wamezoea meno mawili. Ipo dawa ya kupaka ufizi. Hayatazidi mawili."

Sikudhani alimtazama yule mtu. Akatazama kiganja chake laini. Akahisi mikono ya Mwanne imemshika sikio, na pumzi yake ya joto shingoni, na maneno ya bibi yake yakamrudia: hudumaa. Kumbe halikuwa fumbo. Kumbe kuna nchi ambako kudumaa huko kunapakwa kwa dawa!

"Mnisikilize," akasema. "Mwanangu ataota meno yote. Ataota magego. Atatafuna miwa, ataoza jino moja alie, litang'oka, litaota lingine. Ndiyo kazi yake duniani, kutokuwa yule wa jana! Nyinyi mmemfanya mjane amlilie mumewe mara tatu mpaka machozi yakakauka. Mmemwacha mwenzenu jela kwa neno mlilomkata hakimu kinywani. Mabomba yamekauka na mnamshangilia anayeloa! Na sasa..."

Kidole kikapita. Vikapita mia mbili. Mia tatu.

"Umepanguswa," hakimu akasema.

"Nimeona."

"Basi nyamaza."

"Sinyamazi," Sikudhani akasema. "Vidole naviona, mheshimiwa, ni vingi. Lakini sikuja kusema na vidole. Na sasa, nasema, mnataka ufizi wa mtoto wangu. Watoto wenu mmewalaza kwa uji aliomwaga mtoto wa mwenzenu! Yupo hata mmoja humu anayejua wake kamwaga nini?"

Vidole viliendelea kupita, safari hii kwa woga, kama watu wanaozima moto usiozimika. Haikuwahi kutokea Kiooni mtu apanguswe kisha aendelee kusema. Hawakuwa na kifungu cha sheria kwa jambo hilo. Hakimu Ngwali akainuka, manyoya yanatetemeka, akatamka: "Mwanamke huyu afukuzwe nchini kabla ya..."

Wakampangusa.

Ukumbi ukatazamana. Bwana Shaweji, ambaye hakutaka mzigo wa mtu mwingine wa nusu sentensi, akakohoa. "Tuseme sasa hivi," akasema.

Ilikuwa saa nane na nusu mchana Sikudhani alipotoka mjini, Mwanne mgongoni, furushi kichwani. Wimbo wake uliachwa nyuma ukiimbwa katika kila ukuta, na bado unaimbwa, hilo hakulishinda. Barabarani alimkuta yule babu. Akaweka furushi chini, akapiga goti.

"Shikamoo, babu."

Mzee akatazama kushoto. Akatazama kulia. Hapakuwa na mtu. Sikudhani akangoja, hakuwa na haraka ya silabi.

"Marahaba," mzee akasema. "Marahaba, mwanangu. Marahaba."

Alipokaribia mpaka alisikia miguu nyuma yake. Alikuwa Siwema, anahema, wino wa daftari bado uko vidoleni.

"Nisamehe," Siwema akasema.

"Nimeshasamehe. Rudi, utakosa kazi."

"Sikufuata hilo tu." Siwema alifuta jasho kwa kiganja. "Ule wimbo. Ule wenyewe. Nataka nimwimbie Salha mimi. Unaanzaje?"

"Unaanza: lala we, lala mwana, leo kafanya nini mwana."

"Leo kafanya nini mwana," Siwema akarudia, polepole, akiuonja. "Halafu?"

"Halafu unasema alichofanya."

Siwema akafumbua kinywa. Akakifumba. Hakuna aliyempangusa, walikuwa wao wawili tu na mtoto mgongoni. Sikudhani akasubiri kope kumi, ishirini, hamsini.

"Mama Mwanne," Siwema akasema mwishowe, na sauti ilikuwa kama ya mtu aliyepapasa mfukoni akakuta pametoboka. "Sijui."

"Hujui nini?"

"Sijui leo kafanya nini."

Sikudhani alitamani amkumbatie. Hakumkumbatia. Aliinua macho akalitazama jua, lilikuwa bado liko juu, na mchana bado ulikuwa na sehemu kubwa iliyobaki.

"Bado hajamaliza kufanya," akasema. "Kimbia."

Siwema akavua viatu. Akageuka akakimbia, kanga inapepea, miguu inarusha vumbi, hakugeuka nyuma hata mara moja. Sikudhani alisimama akimtazama mpaka akawa mdogo kama siafu. Mgongoni Mwanne naye alikuwa amenyoosha shingo, anatazama kulekule, kinywa wazi, meno yake mawili yanang'aa na la tatu linasukuma ufizi.

Sikudhani akainua furushi, akavuka mpaka, akaanza kuimba taratibu:

*Lala we, lala mwana,*
*leo kafanya nini mwana?*
*Leo kamwona mama anakimbia,*
*viatu mkononi, anakwenda kwake.*